Wosia wa Anayeishi Ughaibuni: Kupanga Mirathi Mali Ikiwa Katika Nchi Mbili

Mtu wa Afrika Mashariki anayeishi ughaibuni huwa na mali katika nchi mbili au tatu bila hata kukusudia. Ana akaunti ya benki na mafao ya uzeeni kule anakofanya kazi, ana kiwanja alichonunua Kibaha au Kitengela kwa fedha alizotuma kidogo kidogo, ana akiba katika SACCO, na mara nyingi ana nyumba ya wazazi aliyoijenga upya bila jina lake kuonekana kwenye karatasi yoyote. Akiwa hai, yote hayo yamo kichwani mwake na ndani ya simu yake. Akifariki, kila kipande huangukia sheria ya mahali kilipo, na jamaa hulazimika kukitafuta kimoja kimoja wakiwa bado katika matanga.

Maelezo yanayofuata yanawahusu zaidi Watanzania na Wakenya waishio Uingereza na Marekani. Hayachukui nafasi ya wakili, lakini yatakusaidia kujua maswali ya kumuuliza, na hivyo kupunguza saa utakazomlipa.

Ardhi hufuata sheria ya nchi ilipo

Nchini Kenya, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inasema kwamba ardhi na majengo yaliyoko Kenya yatarithiwa kwa sheria ya Kenya popote pale marehemu alipokuwa akiishi, ilhali mali inayohamishika, kama fedha na hisa, itafuata sheria ya nchi aliyoifanya makao yake ya kudumu. Kwa hiyo muuguzi aliyehamia Leicester moja kwa moja anaweza kufariki bila wosia, akiba yake ikagawanywa kwa sheria ya Uingereza na shamba lake la Nyeri likagawanywa kwa sheria ya Kenya, na warithi wasiwe wale wale wala mafungu yasiwe sawa. Kwa sheria hiyo ya Kenya, mjane au mgane aliyeachwa na watoto hupata vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, lakini mali iliyobaki ana haki ya kuitumia tu katika maisha yake, kisha ni ya watoto. Wengi hudhani kwamba mke anarithi nyumba; ukweli ni kwamba hawezi kuiuza kwa uamuzi wake peke yake.

Tanzania Bara ina mifumo mitatu kwa pamoja: sheria za mila, sheria ya Kiislamu, na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 ambayo bado inatumika kwa wale wasioguswa na mifumo miwili ya kwanza. Mahakama huangalia namna marehemu alivyoishi ili kujua ni upi unaomhusu, na hapo ndipo ndugu hugawanyika. Sheria za mila zilizotangazwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 hazimpi mjane fungu katika mali ya mumewe. Zinamwachia kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2015, Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba Tanzania ilikiuka haki za wajane wawili waliofukuzwa katika nyumba zao kwa kanuni hizo. Mume aliyeishi Houston miaka ishirini na kujenga Shinyanga asidhani kwamba maisha ya Houston yatamlinda mkewe mbele ya kikao cha ukoo.

Upande wa pili kuna kesi ya Holaria Pastory wa Kagera, ambaye baba yake alimwachia ardhi ya ukoo kwa wosia. Alipoiuza, mpwa wake alikwenda mahakamani akidai kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama Kuu ya Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua mwaka 1990 kwamba anayo haki hiyo sawa na mwanamume. Hukumu hiyo hutajwa mara nyingi kwa ajili ya usawa, na ni sawa itajwe hivyo. Lakini mimi huwakumbusha watu jambo la kabla yake, kwamba safari yote ilianza na baba aliyeandika wosia. Bila karatasi ile, binti asingekuwa na ardhi ya kuigombania.

Kwa Waislamu, utaratibu unajulikana: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wosia usiozidi theluthi moja na usiomhusu mrithi ila warithi wengine wakiridhia, kisha mafungu ya mirathi. Kenya huyaacha hayo kwa Mahakama ya Kadhi, na Zanzibar iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wanachosahau wengi waishio London au Birmingham ni kwamba sheria ya Uingereza haitagawa mali kwa mafungu hayo yenyewe. Mwislamu anayetaka mke apate thumni, yaani moja ya nane, na watoto wapate fungu lao kama lilivyofaradhishwa hana budi kuandika wosia wa Kiingereza unaosema hivyo. Tena, nikaha iliyofungwa Uingereza bila kusajiliwa serikalini haimfanyi mwanamke kuwa mke mbele ya sheria ya mirathi ya huko. Akifiwa na mumewe asiye na wosia, hatapata fungu la mke. Ukiwa katika hali hiyo, nendeni mkasajili ndoa wiki hii.

Namna ya kuandika wosia utakaokubalika pande zote

Uingereza inataka mtia saini awe na umri wa miaka 18 au zaidi, na asaini mbele ya mashahidi wawili waliopo pamoja kwa wakati mmoja. Kenya inakubali mashahidi wawili hata kama hawakuwa pamoja. Sheria za mila za Tanzania zinataka, kwa anayejua kusoma na kuandika, mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wao awe wa ukoo. Njia salama ni kufuata masharti magumu zaidi: mashahidi wote wakae chumba kimoja, mmoja wao akiwa ndugu asiyerithi chochote, na asiwepo shahidi ambaye yeye au mwenzi wake ametajwa kupewa kitu. Shahidi anayerithi hupoteza alichoachiwa, na nimeona jambo hilo likimwumiza yule yule ambaye marehemu alitaka kumsaidia.

Ujumbe wa sauti uliomtumia dada yako si wosia. Kenya hutambua wosia wa mdomo uliotamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini ni pale tu mtu anapofariki ndani ya miezi mitatu tangu autamke.

Watu wenye mali kubwa pande mbili hushauriwa kuandika wosia mbili, mmoja kwa kila nchi, na ni ushauri mzuri kwa sababu mahakama ya nyumbani haitasubiri hati kutoka ng'ambo. Hatari yake imo katika sentensi moja. Karibu kila wosia unaoandaliwa na mawakili wa Uingereza huanza kwa kufuta wosia zote zilizotangulia, na sentensi hiyo, ikiachwa ilivyo, hufuta pia ule ulioandika Nairobi mwaka uliopita. Mwambie wakili aandike wazi kwamba wosia huu unahusu mali iliyoko Uingereza pekee.

Kijana, wanandoa, wazazi, wastaafu

Kijana asiye na mke wala mume hudhani kwamba jambo hili si lake. Hata hivyo, ana bima ya maisha kazini, ana akiba, na huenda ana kiwanja. Akifariki bila wosia, kifungu cha 39 cha sheria ya Kenya humtaja baba kwanza, na mama iwapo baba amekwisha kufariki. Aliyelelewa na mama peke yake, na baba hakuonekana tangu shule ya msingi, ana sababu ya kutosha ya kuandika ukurasa mmoja. Pia ajaze jina la mnufaika kwenye fomu za kazini na za SACCO, kwa kuwa fedha hizo kwa kawaida hulipwa kwa aliyetajwa kwenye fomu bila kupitia wosia. Wafanyakazi wa Marekani wenye akiba ya uzeeni ya 401(k) walitazame hili kwa makini: fomu uliyoijaza ulipoajiriwa ndiyo itakayofuatwa, hata kama jina lililomo ni la mtu mliyekwisha kuachana.

Ndoa hufuta wosia wa awali, Uingereza na Kenya vilevile, isipokuwa kama uliandikwa kwa kutazamia ndoa hiyo. Wanaoishi pamoja bila ndoa nchini Uingereza hawarithiani kwa sheria hata wakae miaka thelathini.

Wazazi wa watoto wadogo wana jukumu zito kuliko wote, nalo si la mali. Ni nani atakayewachukua watoto? Familia nyingi humtaja bibi aliye Bukoba au shangazi aliye Kakamega, na moyo wa kufanya hivyo ni mwema, lakini viza na mahakama vitachukua miezi, na watoto watahitaji kitanda usiku ule ule. Tajeni walezi wawili: mmoja aliye jirani kwa kipindi cha mpito, na mwingine wa kudumu. Fedha za watoto ziwekwe katika amana inayosimamiwa na watu wawili, na umri wa kukabidhiwa mtautaja ninyi. Mkiwa Wakenya, watoto waliozaliwa nje ni raia kwa kuzaliwa kwa Katiba ya 2010, basi wachukulieni hati mapema, maana asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Tanzania hairuhusu uraia pacha, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 humpa asiye raia ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Lipo pia suala la hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, hivyo mwulize wakili sheria ilivyo sasa kabla hujala kiapo cha uraia mwingine, wala usingoje baada.

Kwa wanaokaribia kustaafu, kodi ndiyo inayohitaji hesabu. Kenya ilifuta kodi ya mirathi mwaka 1982. Uingereza hutoza asilimia 40 juu ya kiwango cha pauni 325,000, pamoja na nafuu kadhaa za nyumba na wanandoa, na tangu tarehe 6 Aprili 2025 aliyekaa huko miaka 10 kati ya 20 iliyopita huhesabiwa mali yake ya dunia nzima, ikiwemo nyumba ya Kisumu. Akirejea nyumbani, hesabu hiyo humfuata kwa miaka mitatu hadi kumi zaidi. Marekani ina kiwango kikubwa sana kisichotozwa kodi kwa raia na wakazi, lakini aliyerudi Moshi kabisa bila kuwa raia wa Marekani, akaacha nyumba au hisa huko, kiwango chake ni dola 60,000 tu.

Ardhi iliyo katika jina la mtu mwingine

Hapa ndipo familia nyingi huvunjika. Ulituma fedha, kaka akanunua, na hatimiliki ikatoka kwa jina la kaka kwa kuwa wewe hukuwepo kusaini. Kaka ni mwaminifu. Lakini akitangulia yeye kufariki, ardhi hiyo itaingia katika mirathi yake, na wanawe, ambao hawakushuhudia makubaliano yenu, watairithi kwa nia njema kabisa. Wosia wako hauwezi kugawa kisicho na jina lako. Hamisha hatimiliki sasa, na wakati ukisubiri, wekeni makubaliano ya maandishi yaliyosainiwa mbele ya wakili, pamoja na risiti za kutuma fedha.

Jambo linalofanana nalo ni hati ya uwakilishi uliyompa ndugu akusimamie. Hati hiyo hufa pamoja nawe. Ndugu anayeendelea kuuza au kutoa fedha kwa hati ya marehemu, hata kwa ajili ya mazishi, anavunja sheria, na Kenya huliita kosa la jinai kuingilia mali ya marehemu bila idhini. Uingereza ipo hati ya namna nyingine, inayosajiliwa, ambayo huendelea hata akili ya mwenyewe ikidhoofika. Mzee mwenye nyumba huko aiandae mapema.

Kuhusu mazishi, Wakenya wanaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alisema kwamba mumewe alitaka azikwe Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukadai azikwe Nyalgunga, Siaya. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, naye akazikwa Mei 1987, miezi mitano baada ya kufariki. Mahakama haifungwi na matakwa ya marehemu juu ya mwili wake, kwa hiyo yaandike, lakini zaidi ya hapo yaseme mbele ya mwenzi wako na wazee wa ukoo wakiwa wamekaa pamoja, ukiwa likizo, na uache bima au akiba itakayolipia usafiri wa jeneza bila kutegemea michango.

Mwisho, andaa bahasha moja. Iwe na orodha ya akaunti, bima, SACCO, namba za viwanja na madeni, nakala za hatimiliki, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, na mahali wosia halisi ulipo. Tanzania unaweza kuuhifadhi RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Kwingineko kwa wakili. Nywila usiziandike ndani ya wosia, kwa sababu wosia ukifika mahakamani huweza kusomwa na wengine. Kisha mpigie simu uliyemteua kuwa msimamizi, umwulize kama anakubali, na umwambie bahasha iko wapi.