SOMO: Kuosha injini ya lori la dizeli kwa dawa ya kuflashi bila kuua metali

Wakuu, wiki hii pekee nimeulizwa jambo hili mara tano, na kila anayeuliza ana chupa mkononi tayari. Naandika mara moja, anayekuja kuuliza aelekezwe hapa.

Nazungumzia Fuso, Canter, Isuzu na wenzao. Metali ni zile beringi bapa zinazobeba krenki, mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini. Dawa ninayoisema ni ile inayomiminwa kwenye oili kuukuu dakika chache kabla ya kuimwaga. Inalainisha masizi na tope lililoganda kwenye ringi za pistoni na njia za oili ili vitoke pamoja na oili chafu.

1. Fungua mfuniko wa kujazia oili, mulika ndani kwa tochi. Ukiona weusi mwembamba, endelea. Ukiona tope unaloweza kulikwangua kwa kidole, acha. Injini hiyo ishushwe sampo (bakuli la oili chini ya injini) ioshwe kwa mkono. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Tafuta yanapopitia kwanza, dawa haizibi gasketi.

2. Nunua filta na oili mpya kabla ya kuanza. Usiweke dawa halafu ndiyo utume utingo dukani.

3. Soma chupa. Nyingi za ujazo mdogo zimepimwa kwa lita 4 au 5, na lori linabeba zaidi ya hapo. Piga hesabu kwa lita za injini yako. Oili ikiwa imefika juu kabisa kwenye dipstiki (kijiti cha kupimia oili), punguza kidogo kwanza.

4. Pasha injini mpaka ifike joto la kazi, izime, mimina dawa.

5. Washa, iache sailensa, yaani ingurume polepole bila kukanyaga mafuta, kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa. Kwa kawaida ni 10 hadi 15. Gari limesimama, hupigi resi, huondoki hata kwenda kuhamisha gari kivulini.

Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nisomeni taratibu. Canter yangu ya kwanza, injini 4D34, niliiwekea dawa nikiwa Morogoro. Nikajiambia kwamba ikikaa zaidi itasafisha zaidi, nikaondoka nayo na mzigo wa mpunga kuelekea Dar. Kabla sijafika Mikese taa ya oili ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Nikadhani ni waya, nikaendelea kama kilomita tatu. Injini ikaanza kugonga chini.

Tuliposhusha sampo nikaona mwenyewe. Chujio la pampu ya oili lilikuwa limefunikwa lote na kitu kama machicha ya nazi yaliyolowa lami. Dawa ilibandua tope la miaka, tope likaziba chujio. Na ile oili iliyobaki kupita ilikuwa nyepesi kama maji, kwa sababu dawa huipunguza uzito. Injini ikiwa sailensa bila mzigo, oili nyepesi inavumilika kwa dakika kumi. Ukiwa na tani tatu mgongoni mlimani, metali zinasagana na krenki chuma kwa chuma. Nililipa krenki kuchongwa, metali mpya, na mwezi mzima bila kazi.

Kwa hiyo macho yawe kwenye geji ya presha ya oili muda wote. Taa ikiwaka au presha ikishuka, zima palepale, mwaga, shusha sampo.

6. Mwaga ikiwa bado ya moto, gari likiwa mahali tambarare. Iache idondoke nusu saa nzima. Weka washa mpya (kipete cha kuzuia kuvuja) kwenye nati ya kumwagia oili.

7. Badili filta. Malori mengine yana filta mbili, zibadili zote.

8. Jaza oili mpya. Kabla ya kuwasha, vuta kebo ya kuzimia, piga stata kidogo kidogo mpaka taa ya oili izime, ndipo uwashe.

9. Oili hii ya kwanza usiimalize muda wake wote. Mimi huimwaga baada ya kilomita 3,000 hivi, maana huendelea kubeba uchafu uliolainika.

MASWALI

Utingo Mstaafu: Mkuu, dizeli lita mbili si inafanya kazi hiyohiyo kwa bei rahisi?

Jibu: Hapana. Dizeli haina ulinzi wa kutosha kwa metali.

Mpemba wa Mizigo: Injini yangu inakula oili na kutoa moshi wa bluu. Hii itaponya?

Jibu: Ringi zikiwa zimegandia kwa masizi, inaweza kusaidia. Zikiwa zimekwisha, haisaidii. Mpe fundi apime kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kabla hujanunua chupa.

Kijana wa Tunduma: Nimeweka chupa tatu jana, niko njiani na mzigo, taa ya oili inawakawaka. Nifanyeje?

Jibu: Zima injini sasa hivi. Hatua ya 5 umeiruka.

Kijana wa Tunduma: Lakini mteja ananisubiri.

Jibu: Zima. Tafuta gari la kuvuta.

Fundi Msomaji: Fundi mwenzangu anasema hizi dawa ni biashara ya chupa tu.

Jibu: Mimi siuzi hata moja. Anayebadili oili na filta kwa wakati haihitaji, na nimemwambia hivyo kila aliyeniuliza. Somo hili ni la aliyenunua gari lisilojulikana lilitunzwaje.

Dada Fuso: Kaka, samahani kwa swali la mgeni. Kwa nini oili mpya inakuwa nyeusi siku ileile? Nadhani naibiwa.

Jibu: Dada, swali zuri sana hilo. Dizeli ikiungua inatoa masizi mengi kuliko petroli, na oili nzuri imewekewa sabuni ya kuyashika yasigande. Pia oili kuukuu kidogo hubaki kwenye kula (kipoza oili) na njia za ndani. Weusi peke yake si ubaya. Fanya hivi: dondosha tone la oili ya moto kwenye karatasi nyeupe, liache mpaka kesho. Likisambaa kijivu sawasawa, oili bado ina nguvu. Likiacha kiini cheusi katikati chenye ukingo mkali, imechoka, imwage.

Dada Fuso: Asante kaka. Na dumu tupu natupa tu?

Jibu: Litoboe kwanza, wapo wanaoyajaza upya na kuyauza kama mapya. Oili chafu usiimwage mtaroni. Weka kwenye dumu la pembeni, mafundi wa mbao huichukua kupaka nguzo dhidi ya mchwa.