Jinsi ya kuandika maoni kwenye ripoti za watoto wa darasa la kwanza na la pili

Juzi nilikaa na mwalimu mwenzangu anayeshika darasa la pili kwa mara ya kwanza. Ana watoto 94, na ripoti 40 alikuwa ameshazijaza maneno yaleyale: "Ongeza bidii." Nikamwomba aweke kalamu chini tuanze upya. Tulivyofanya ni hivi.

Hatua ya 1: Andika majina kwa kichwa

Wiki tatu kabla ya kufunga shule, funga daftari la mahudhurio, chukua kaunta buku na uandike majina ya watoto wako bila kuchungulia. Mbele ya kila jina weka jambo moja ulilomwona akilifanya kwa macho yako. Wanaoongoza na wasumbufu watakuja haraka. Wale wa katikati, wanaokaa kimya na kupata 27 kati ya 50 kila mtihani, ndio watakaokupotea. Hao uliowasahau wafuatilie wiki inayokuja: wenzao wakiwa wanaandika, muite mmoja akusomee mistari miwili mezani.

Simu siitumii kwa kazi hii. Kaunta buku haiishiwi chaji, na ukurasa wa mtoto unabaki wake mwaka mzima.

Hatua ya 2: Anza na analoliweza

Sentensi moja, yenye mfano. "Anasoma bila kusita maneno kama baba, kuku na meza." Inatosha.

Hatua ya 3: Andika anachofanya, usiandike alivyo

Mwaka wangu wa pili kazini nilimwandikia mtoto mmoja: "Mzembe, hamalizi kazi." Shule zilipofunguliwa Julai, bibi yake akaja na ile ripoti ameifunga kwenye pindo la kanga. Nikamwamkia, akaitikia, akaifungua. "Mwanangu, kwa maneno haya nimemchapa mjukuu wangu likizo nzima. Sasa niambie, hiyo kazi kwa nini haimalizi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwahi kumtazama akiandika. Siku hiyo nikasimama nyuma ya dawati lake. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na nilikuwa nimemkalisha mwisho wa kulia kwenye dawati la watoto watatu. Kila alipoanza mstari, kiwiko chake kiligonga cha jirani yake. Anasimama, anasubiri mwenzake amalize, anaendelea. Nikamhamishia mwisho wa kushoto. Ijumaa ile alimaliza kunakili kabla ya nusu ya darasa.

Tangu hapo sentensi yangu ya kasoro lazima ijibu: anafanya nini, wakati gani, na mimi nimejaribu nini. Nikikosa majibu, siandiki, narudi kumtazama. Mzembe, mvivu, mtundu na mzito nimeyafuta kabisa. Hata "ana akili sana" siandiki, maana mzazi hawezi kuifanyia kazi.

Badala ya "Msumbufu": "Akimaliza kazi mapema huinuka na kuzungukia wenzake. Nikimpa madaftari agawe, hutulia."

Badala ya "Dhaifu katika Hesabu": "Anajumlisha vizuri mpaka 20. Penye kuchukua anakwama: 27 + 15 anaandika 312."

Itazame hiyo 312. Saba na tano amepata 12, mbili na moja amepata 3. Yote mawili ni sahihi; hajajua tu kwamba ile kumi inahamia kwa wenzake wa makumi. Mtoto huyo yuko karibu sana na jibu, na alama ya 18 kati ya 50 haiwezi kumwonyesha mzazi hilo.

Yapo mambo ya kutoandika hata kama umeyaona: njaa, nguo, kujikojolea, ugomvi wa nyumbani. Muite mzazi mzungumze. Ripoti hupita mikono mingi. Ya bibi yule ilisomwa na mtoto wa jirani, mbele ya watu.

Na tafadhali usichukue maoni yaliyokwisha tungwa yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Aliyeyatunga hajamwona mtoto wako.

Hatua ya 4: Ipe nyumba kazi moja isiyo na gharama

"Anunuliwe vitabu vya hadithi" ni sentensi ya kumhuzunisha mzazi. Tafuta kilichomo ndani ya nyumba. Anayekwama kwenye silabi mwambatano (kama mba, nya au kwa) asome kwa sauti maandishi ya mfuko wa unga, au jina la kanga ya mama yake. (Kanga huandikwa herufi kubwa tupu, kwa hiyo hakikisha kwanza anazijua.) Wa 312 afunge vijiti kumikumi, vinavyobaki aviweke pembeni, kisha ajumlishe kwa kuvishika. Taja muda pia: "kila jioni, maneno matano". Ukiandika "asaidiwe nyumbani", hakuna atakayejua aanzie wapi.

Sentensi ziwe fupi, mwandiko wa kutenganisha herufi. Umahiri, stadi na tathmini ziache kwenye andalio la somo. Andika ukijua kwamba msomaji anaweza kuwa dada yake wa darasa la sita, na mtoto mwenyewe amesimama hapo anasikiliza.

Hatua ya 5: Nakili kwenye ripoti

Ripoti 15 kwa siku, zisizidi. Nikifika ya 30 kwa mkupuo mmoja huwa naanza kujirudia. Biki ya bluu, kisha mpelekee mwalimu mkuu asaini.

Julai fungua kaunta buku ukurasa uleule. Aliyeandika 312 mpe tena 27 + 15 kabla hujaanza mada mpya, na uandike tarehe pembeni ya jibu lake. Kama ni ripoti za Desemba, kaunta buku mkabidhi mwalimu wa darasa linalofuata.