Somo: Kujifunza paramota ukiwa na miguu isiyofanya kazi

Paramota ni bawa la kitambaa, kamba zake, na injini yenye propela nyuma ya mgongo. Unaongoza kwa breki mbili za mikononi, yaani kamba zinazovuta ukingo wa nyuma wa bawa. Eksileta iko kiganjani. Miguu kazi yake kubwa ni mbio za kuruka na kutua, na mbio hizo magurudumu yanaziweza. Watu wenye ulemavu kuruka kwa mabawa haya si jambo geni: Uingereza liko shirika la Flyability, Utah kule Marekani liko Project Airtime. Kwetu tunaotumia kigari, yaani fremu ya magurudumu inayobeba kiti na injini, hatari kubwa iko kwenye mita chache za mwanzo, magurudumu yakiwa bado chini. Kwa sababu hiyo hatua ya tano ndiyo ndefu.

1. Daktari na ngozi. Kama uti wa mgongo uliumia kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, kibofu kilichojaa au mkanda uliobana unaweza kupandisha presha ghafla: kichwa kinagonga, uso unatoka jasho. Toa mkojo kabla ya kujifunga. Kalia mto wako mwenyewe wa kuzuia vidonda. Ukitua, mtu akukague makalio na visigino. Wekundu usioondoka maana yake ni kupumzika, hata kama hali ya hewa ni nzuri kiasi gani. Vaa soksi nzito, maana mguu usio na hisia hautakuambia kwamba unaganda.

2. Bawa bila injini. Ukiwa umeketi, kigari kimeshikiliwa na mtu, upepo mwanana, inua bawa na ulitulize juu ya kichwa. Rudia mpaka mikono ijue lilipo kabla macho hayajaliona. Mwalimu anayetaka kuwasha injini kabla ya hapo, mwache utafute mwingine.

3. Kigari. Magurudumu ya nyuma yawe yametanuka, kiti kiwe chini, mkanda ushike mabega na kiuno. Gurudumu la mbele kwa kawaida huelekezwa kwa miguu. Lako lijirudishe katikati lenyewe, kwa kuwa wakati wa kuruka mikono yote ina kazi. Funga mapaja na nyayo. Mguu ukidondoka njiani huburutwa, nawe hutahisi.

4. Kuruka na mwalimu kwenye kigari cha viti viwili. Zoea kupiga kona, kelele na kutua.

5. Mbio za ardhini. Kinachopindua vigari ni hiki: bawa limelalia upande mmoja, rubani anaongeza mafuta akitumaini litanyooka. Halinyooki, linavuta kigari kutoka juu na kukilaza. Anayeruka kwa miguu angepiga hatua mbili kulifuata bawa chini yake. Sisi hatuna hatua hizo, basi tuna kanuni moja: bawa likienda kando, achia eksileta, zima injini, vuta breki bawa lianguke. Mwalimu aharibu mbio kwa makusudi, bila kukuonya, mpaka mkono wako uachie wenyewe. Ukisitasita hata mara moja, bado hujawa tayari kwa hatua ya sita.

6. Peke yako, redio sikioni, asubuhi jua halijachemsha ardhi. Parashuti ya akiba iwe pale mkono unapofika.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, niko Kilifi. Ufuo maji yakitoka ni tambarare kabisa. Nijifunzie hapo?*
Mchanga mgumu unafaa, maji hayafai. Kigari kikianguka baharini hupinduka na wewe umefungwa ndani. Usiende mahali ambapo injini ikizimika huwezi kurudi nchi kavu, vaa boya, na weka kisu cha kukatia mikanda kifuani. Msimu wa kusi usiuamini upepo wa mchana.

*Mimi naishi Iten, na watu huruka bila injini Bonde la Kerio. Mbona nisianzie nyumbani?*
Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi inapunguza nguvu ya injini na inataka mbio ndefu zaidi kabla ya kunyanyuka, yaani inarefusha sehemu ile ile yenye hatari. Anzia mahali pa chini, ndugu yangu.

*Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana mguu wa bandia chini ya goti. Lazima kigari?*
Marahaba mama. Wapo wanaokimbia na mguu wa bandia na kuruka. Lakini kutua kwa kishindo huumiza kigutu, na mguu uliolegea ni hatari karibu na propela. Aanze na magurudumu, ya mbio ataamua na mwalimu wake.

*Leseni je?*
Marekani, chombo cha mtu mmoja kisichofika pauni 254 kikiwa kitupu, yaani kama kilo 115, hakihitaji leseni ya rubani. Usiichukulie hiyo kuwa sheria ya kwetu. Andikia mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA ukiwa Kenya, TCAA ukiwa Tanzania, kabla hujatoa shilingi kununua injini.