Siku moja Shenzhen na grupu ya wanafunzi: vile mtapanga msipotezane

Kama chuo chenu kinawapeleka Uchina na kwa ratiba kuna siku imeandikwa tu "kutembea mjini", hiyo ndio siku huharibika. Sisi tulienda watu 24 na asubuhi yote ikaishia kwa stesheni ya metro juu simu mbili tu ndio zilikuwa zinalipa, wengine wote tunaangaliana. Kwa hivyo hii siku inaanzia hapa Nairobi, wiki moja ama mbili kabla ya kufika JKIA.

Weka Alipay, app ya kulipa ya Wachina, ukiwa nyumbani, jisajili na pasipoti, unganisha kadi ya Visa ama Mastercard, alafu ambia benki yako unasafiri manake wakiona malipo ya Uchina ghafla wanaweza funga kadi. Inafanya kazi kama M-Pesa hivi, ila huandiki namba ya till, unaskani ama unaskaniwa. WhatsApp na Google hazifunguki kwa waifai ya hoteli. Kwa laini ya Kenya yenye roming huwa zinafunguka lakini hiyo roming itakumaliza, basi grupu ya siku hiyo ifunguliwe WeChat, app ya meseji ya Wachina, na muanze mapema juu mara nyingi WeChat inataka mtu mwenye anaitumia tayari ndio akuthibitishie.

Gawaneni wanne wanne. Kila kikundi kiwe na angalau simu moja yenye tayari imejaribiwa kulipa, na pawabenki. Pasipoti kila mtu abebe yake.

Sasa msijaribu kuona mji wote, Shenzhen ina watu zaidi ya milioni 17, mtashinda chini ya ardhi kwa metro. Kaeni Futian tu, wilaya ya katikati ya mji. Asubuhi kabla jua kali (na kama ni Julai jua la huko si la Nairobi, ni joto la Mombasa na zaidi) pandeni Lianhuashan, ni kilima kidogo, kuingia bure, juu kuna sanamu ya Deng Xiaoping, kiongozi aliyefungua uchumi wa Uchina, ametoa mguu kama mtu anachelewa kazini. Mkiwa hapo angalieni chini, lile jengo refu ni Ping An, mita 599. Alafu mwalimu awaulize hivi: huu mji ulifanywa eneo maalum la kiuchumi mwaka wa 1980, jengo letu la KICC pale Nairobi lilikuwa limemaliza miaka 7 limesimama, sasa nini kilifanyika? Msijibu hapo. Shukeni hadi Shenzhen Museum iliyo Civic Center, nayo ni bure, mtafute majibu yenu, lakini isiwe Jumatatu juu wanafunga.

Lunchi tafuteni hoteli ya tambi za Lanzhou, ziko kila mahali, wenyewe mara nyingi ni Waislamu na hawapiki nguruwe. Beba tishu, vyoo vingi havina.

Mchana wote upeni Huaqiangbei, soko la simu na vifaa vya elektroniki. Chukua maduka ya simu ya Luthuli pale Nairobi yote uyapange ghorofa juu ya ghorofa, jengo baada ya jengo, ndio utaelewa. Ukienda kushangaa tu utachoka kwa nusu saa, kwa hivyo kila kikundi kipewe kazi moja, kwa mfano kutafuta skrini ya Tecno, kuuliza bei meza tatu, na kuona nani anauza moja na nani anauza tu kwa maboksi. Tecno, Infinix na itel zote ni za kampuni moja, Transsion, na makao yake ni huko huko Shenzhen. Bei mnaongea na kalkuleta, anaandika, unafuta, unaandika yako. Iphone ya bei ya kushangaza achana nayo kabisa. Na ukitembea nje angalia nyuma, skuta za umeme hazina sauti na zinapita hadi kwa njia ya watu.

Mwisho, mahali pa kukutana. Usiseme "tupatane stesheni", stesheni moja ina milango mingi sana, sema mlango wa herufi gani na utume picha ya hiyo herufi. Wawili wetu walikaa saa nzima kwa mlango mwingine, wakitupigia kutuambia tumepotea.