SOMO: Mtoto anaharisha, mfundishe mama ORS mpaka aelewe

Manesi wenzangu na wazazi pia, hili tunalipuuza sana. Tunampa mama pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) tunamwambia "ukampe", basi, akifika nyumbani anampa mara mbili anaona mtoto bado anaharisha, anasema dawa haifanyi kazi anaiacha. Mwambie kabisa: ORS haifungi tumbo, inarudisha maji na chumvi zinazotoka. Kuharisha kwenyewe mara nyingi kunaisha baada ya siku kadhaa, kinachoua haraka ni kukaukiwa maji.

HATUA YA 1: Kuchanganya
Nawa mikono na sabuni. Maji yachemshwe yapoe. Soma pakiti, nyingi ni za lita 1, na inaingia yote kwenye maji yote, sio unachota kidogo kidogo unaweka kwenye glasi, hapo chumvi inazidi na ni hatari. Masaa 24 yakipita mwaga, tengeneza mengine.

HATUA YA 2: Kunywesha
Chini ya miaka 2 mpe ml 50 mpaka 100 kila akiharisha, kuanzia miaka 2 ni 100 mpaka 200. Tumia kikombe au kijiko. Hapa ndo wengi wanakwama: mtoto ana kiu, anagida kikombe kizima kwa mkupuo, anatapika chote, mama anakata tamaa. Subiri dakika 10 halafu uanze upya taratibu, kijiko kimoja kila baada ya dakika 2 au 3.

HATUA YA 3: Zinki
Mpe pia dawa ya zinki (madini yanayosaidia kuharisha kuisha mapema) siku 10 mpaka 14, hata kama ameshapona. Chini ya miezi 6 mg 10 kwa siku, zaidi ya hapo mg 20.

HATUA YA 4: Chakula
Anyonye zaidi, ale kidogo kidogo mara nyingi. Kumnyima chakula eti tumbo lipumzike, hapana.

HATUA YA 5: Arudi haraka lini
Macho yameingia ndani, amelegea au hashtuki, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, choo kina damu, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole.

Mwisho usimuulize "umeelewa?" maana wote wanasema ndiyo. Mpe pakiti na jagi achanganye mbele yako, utaona mwenyewe pa kurekebisha.

MASWALI

Sista, pakiti nikikosa je?
– Maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko vya kusawazisha, sio vya mlima. Huku unaendelea kutafuta pakiti.

Nimpe antibiotiki aache haraka?
– Hapana, mara nyingi ni virusi, haisaidii. Ukiona damu mpeleke apimwe. Na zile dawa za kufunga tumbo za wakubwa usimpe mtoto kabisa.

Mtu mzima naye anakunywa hii?
– Ndiyo, anywe kila akiharisha. Mwenye shida ya moyo au figo aongee na daktari kwanza.

Wangu anaikataa, niongeze juisi?
– Usiongeze kitu, sukari ikizidi anaharisha zaidi. Ipoze kwenye friji ujaribu tena. Mtoto aliyeishiwa maji huwa anainywa kwa pupa, kwa hiyo akikataa huku anacheza na anakojoa vizuri usihofu sana, ila akikataa huku amelala tu hana nguvu, mkimbize hospitali sasa hivi.