Carcassonne kwa miguu: anzia mferejini, ngome iache mwisho

Wengi wakifika Carcassonne, kule kusini mwa Ufaransa, wanashushwa na teksi mlangoni pa ngome, wanapiga selfi mbili tatu, wanamnunulia mtoto upanga wa plastiki, haoo wanaondoka. Mi nakushauri uingie kwa mlango wa nyuma.

Panda treni toka Toulouse, ni kama saa moja hivi. Ukitoka tu stesheni mfereji huo mbele yako, ndo Canal du Midi wenyewe, na pembeni kuna lango la maji. Usipite mbio! Subiri boti iingie, wafunge mageti, maji yapande au yashuke taratibu mpaka yalingane na upande wa pili, ndo boti inatoka. Pierre-Paul Riquet, aliyeubuni mfereji huu, alianza kuuchimba 1667, ukafunguliwa 1681, yeye mwenyewe akiwa kashafariki mwaka mmoja nyuma. Kinachonichekesha ni kwamba wakubwa wa Carcassonne walipoambiwa wachangie hela wakagoma, basi mfereji ukapitishwa mbali na mji, wakaja kuupata 1810 baada ya kuona wenzao wanafanya biashara.

Toka hapo shuka moja kwa moja katikati ya mji wa chini, Bastide, mitaa yake imenyooka kama imepigwa rula sababu ilipangwa hivyo tangu karne ya 13. Nunua maji na mkate hukuhuku, juu ngomeni bei zimechangamka.

Kisha vuka mto Aude kwa Pont Vieux, daraja la mawe la karne ya 14, magari hayapiti. Picha kali ya ngome inapatikana hapo, sio juu. Halafu panda kwa Porte d'Aude, lango la ngome, ni kilima na mawe yanateleza, kwahiyo ndala acha hotelini.

Kuingia ndani ya kuta ni bure kabisa, wengi hawajui. Tiketi unakata ya Château Comtal, ile kasri ya ndani, pamoja na kutembea juu ya kuta. Kuta ziko mbili, moja ndani ya nyingine, jumla kama kilomita 3 na minara 52, na kati yake kuna uwazi unaozungukia bila kulipa na bila kusukumana. Yale mapaa yaliyochongoka usidhani yote ni ya kale, msanifu majengo Viollet-le-Duc ndo aliyeyaweka akikarabati karne ya 19, na watu wanamsema mpaka leo kwamba ni ya mtindo wa kaskazini mwa Ufaransa sio wa huku. Mi nayapenda hivyohivyo.

Njaa ikiuma kuna cassoulet, maharage meupe yamepikwa taratibu na nyama ya bata, ila mara nyingi ina soseji ya nguruwe, kama huli uliza kwanza.

Jioni rudi darajani, ngome inawashwa taa yote. Ila saa ya treni ya mwisho iangalie kabla hujapanda kilima, maana ukishakaa pale kuondoka kazi.