SOMO: Namna ya kumfanya kila mtoto ajibu darasani, hata wakiwa tisini

Habari za kazi, walimu wenzangu.

Somo hili ni la walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu, hasa tunaofundisha madarasa yaliyojaa. Uwiano unaotakiwa Tanzania ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini hali halisi mnaijua: tisini, mia, na kuendelea. Kwenye darasa la namna hiyo mwalimu akiuliza swali, mikono inanyooshwa na wale wale, "mimi mwalimu, mimi mwalimu", mmoja anajibu, anapigiwa makofi, tunasonga mbele. Au tunauliza "Mmeelewa?" na darasa zima linaitikia "Ndiyooo!" Kiitikio hicho hakituambii kitu. Mtoto wa dawati la nyuma anaweza kumaliza muhula akiitikia ndiyo bila kuulizwa swali hata moja, na tukashtuka siku ya mtihani.

Ninachosisitiza ni kimoja: swali la msingi lijibiwe na watoto wote kwa pamoja, na mwalimu ayaone majibu yao kabla hajamtaja mtu yeyote.

Hatua ya 1: Tengeneza vibao

Ili uyaone majibu ya wote, kila mtoto awe na kibao kidogo cheusi cha kuandikia jibu kwa chaki. Nenda dukani kwa vifaa vya ujenzi ununue plaiwudi nyembamba, ile ya milimita 3. Karatasi moja ya futi nne kwa nane ina sentimita 122 kwa 244. Fundi seremala akikata vipande vya sentimita 20 kwa 30 unapata vibao 48, na kinachobaki ni vipande vyembamba tu vya pembeni. Karatasi mbili zinatosha darasa la watoto 96. Kama uwezo ni wa moja tu, anza nayo, watoto wawili wawili, wapokezane chaki: swali la kwanza anaandika wa kushoto, la pili wa kulia. Ukiwa na uhusiano mzuri na seremala wa mtaani, mwombe mabaki yake. Vipande visilingane, haidhuru.

Piga msasa kwenye kingo zote, usiruke hata moja, maana vidole vya watoto vinachomwa na vibanzi. Paka rangi nyeusi isiyong'aa, iache ikauke kabisa, upake mkono wa pili. Kabla kibao hakijaandikiwa mara ya kwanza, lalisha chaki, isugue juu ya kibao chote mpaka kiwe cheupe, kisha futa. Usipofanya hivyo, maandishi ya kwanza yatang'ang'ania na yataonekana chini ya kila kitu kitakachoandikwa baadaye.

Kifutio ni kipande cha kanga au fulana kuukuu chenye unyevu kidogo. Kikavu kinarusha vumbi, na watoto wenye pumu wanateseka.

Huna plaiwudi? Tumia vidole. Majibu kuanzia 0 hadi 10 yanaonyeshwa kwa vidole vilivyowekwa kifuani, si hewani, ili jirani asione. Ni njia ya bure, na inafaa sana kwa darasa la kwanza.

Hatua ya 2: Fundisha amri nne kabla ya hesabu yoyote

Fikiri. Andika. Ficha. Onyesha.

Siku ya kwanza usiweke hesabu wala silabi. Waambie wachore duara, wachore nyumba, waandike herufi ya kwanza ya jina lao, huku wakizizoea amri hizo mpaka zikae. "Ficha" maana yake kibao kimelala kifuani na chaki ipo mezani. "Onyesha" maana yake vyote vinapanda pamoja, juu ya kidevu. Anayechelewa hasemwi, anayewahi naye hapongezwi.

Kwenye "Fikiri" ndipo walimu wengi tunapokosa subira. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichapisha mwaka 1974 matokeo ya kazi yake kuhusu muda ambao mwalimu husubiri baada ya kuuliza. Alikuta wengi husubiri kama sekunde moja tu. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalikuwa marefu zaidi na watoto walioshindwa kujibu walipungua. Kwa hiyo uliza, kaa kimya, hesabu moyoni hadi tano. Kimya hicho kitakuwa kizito mwanzoni. Kiache.

Hatua ya 3: Uliza swali ambalo kosa lake litakuambia kitu

Hapa ndipo penye faida yote ya vibao, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuchukue kutoa kwa kukopa, darasa la pili: 52 toa 27. Umefundisha, umetoa mfano ubaoni, wameitikia. Sasa sema: fikiri, andika, ficha, onyesha. Ukitupa macho utaona 25 kadhaa, na karibu kila mara utaona 35 nyingi. Hiyo 35 haikuja kwa kubahatisha. Mtoto ameona 2 na 7 kwenye mamoja, akatoa ndogo kwenye kubwa, akapata 5. Kwenye makumi 5 toa 2 ni 3. Ana kanuni yake, anaifuata kwa uaminifu kabisa, ila ni kanuni isiyo sahihi. Kwa mtindo wa kunyoosha mikono usingeiona kamwe, kwa sababu aliyenyoosha mkono ni yule mwenye 25.

Usiseme "wewe umekosa". Andika ubaoni 25 na 35, zote mbili, bila kutaja ni za nani. Waambie kila mmoja ageukie jirani yake wajadiliane kwa dakika moja: ipi ni sahihi, na unajuaje? Mtindo huu wa kufikiri peke yako, kujadili na mwenzako, kisha kuliambia darasa uliwekwa bayana na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Maryland, Frank Lyman, mwaka 1981, na unafaa sana madawati yetu ya watoto wawili au watatu.

Halafu leta vijiti. Njiti za chelewa zinafaa, mabua pia yanafaa. Funga kumi kumi kwa ukanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Weka mezani mafungu matano na vijiti viwili, mwite mtoto mbele, mwombe akupe vijiti 27. Mafungu mawili atakupa mara moja. Vijiti saba je? Anavyo viwili tu. Mwache asimame pale aangalie. Darasa litaanza kupiga kelele "Fungua! Fungua!" na hapo usiingilie. Avue mpira mwenyewe, fungu litawanyike, ahesabu mamoja kumi na mawili. Sasa 12 toa 7 ni 5, mafungu yaliyobaki mkononi mwake ni mawili. Ishirini na tano. Mtoto aliyevua ule mpira kwa mkono wake ameona kukopa ni nini. Kuandika kale ka-1 juu ya 2 kunakuja baada ya hapo, si kabla.

Rudi kwenye vibao na swali jipya, labda 43 toa 18. Kama 35 zimegeuka kuwa 25 za kweli, endelea na somo. Kama bado unaona 35, hesabu ni wangapi na uwakusanye mbele na vijiti, wengine wafanye zoezi kwenye daftari.

Maswali matatu ya vibao kwa kipindi cha dakika 30 yanatosha. Zaidi ya hapo wanachoka.

Hatua ya 4: Majina kwenye kopo

Andika jina la kila mtoto kwenye kijiti, weka vyote kwenye kopo. Uliza swali KWANZA, subiri, ndipo uchomoe jina. Ukitaja jina kabla ya swali, watoto themanini na tisa wanapumzika. Aliyekwisha kujibu, kijiti chake kirudi kwenye kopo hilo hilo, la sivyo atajua zamu yake imepita. Asiyejua anaruhusiwa kusema "naomba msaada", mwenzake anajibu, kisha yeye analirudia jibu kwa maneno yake mwenyewe. Hapo haoni aibu, na hakwepi kujibu.

Jambo moja kuhusu nyimbo. Kila semina tunaambiwa tuimbe. Wimbo ni mzuri kwa kuwaamsha saa sita mchana wakiwa wamechoka, lakini darasa linaloimba si lazima liwe linajifunza. Mimi ningekata wimbo mmoja nikaweka kitendawili. Sema "Kitendawili!" nao "Tega!" Kisha: "Nina mafungu matatu na vijiti vinne, nikimpa rafiki vijiti sita ninabaki na vingapi?" Waandike kwenye vibao badala ya kupayuka. Wakishindwa wote, wakupe mji kama ilivyo desturi, nawe uwaonyeshe jibu kwa vijiti.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa darasa la kwanza, Kahama: Asante kwa somo mwalimu. Mimi nina watoto 130 chumba kimoja, wengine wanakaa chini. Nikisema "onyesha" nitaona nini?

Jibu: Pole na hongera, mwalimu. Usiwaonyeshe wote kwa mpigo. Wote waandike na wafiche, kisha ita safu moja moja: "Safu ya dirishani, onyesha." Sekunde kumi zinatosha kupitia safu. Walio chini waweke mbele, karibu nawe, maana wakiwa nyuma huwaoni. Na kwa idadi hiyo anza na vidole, vibao vije baadaye.

Mwalimu wa taaluma, Morogoro: Hawatatazamiana? Mtoto anaangalia kibao cha mwenzake, anaandika, unadhani kaelewa.

Jibu: Watatazamiana, hasa wiki za mwanzo. Mtoto anatazamia kwa sababu anaogopa kukosea, kwa hiyo dawa kubwa ni wewe kuacha kuwafokea waliokosea. Pia shikilia sheria ya chaki mezani baada ya "Ficha". Na ukimshuku mtu, mwulize kwa upole: "Umepataje?" Aliyenakili hawezi kueleza, na hapo umeshajua wa kumsaidia.

Mwalimu wa Gredi ya Pili, Kilifi: Hujambo mwalimu. Huku kwetu shida kubwa ni kusoma, si hesabu. Vibao vitanisaidia?

Jibu: Sijambo, mwalimu. Sana. Sema neno "mbuzi", waambie waandike silabi ya kwanza. Utaona "mbu", utaona "bu", na wapo watakaoandika "m" peke yake. Wenye "bu" hawaisikii sauti ya m inayotangulia, kwa hiyo watakosea pia "mbegu", "mboga" na "mbwa". Fanya hivyo kwa "ndizi" na "ng'ombe" uone. Dakika tano tu, na utaondoka na orodha ya watoto wa kukaa nao jioni.

Mwalimu mpya, hakutaja mkoa: Mwalimu mkuu wangu anapenda darasa tulivu. Dakika ya kujadiliana na jirani ameshaniita ofisini.

Jibu: Mkaribishe kwa heshima aje akae kipindi kimoja, nyuma kabisa, umpe naye kibao. Kabla hajafika mweleze swali utakalouliza na kosa unalotegemea kuliona. Akiziona 35 kwa macho yake, mazungumzo yatabadilika. Upande wako, weka ishara ya kusimamisha mjadala, mfano kunyoosha mkono juu nao wakinyoosha na kunyamaza, na ifanyie mazoezi mpaka iwe ya haraka.

Mwalimu wa darasa la tatu, Lindi: Nina mtoto mwenye kigugumizi. Jina lake likitoka kwenye kopo nifanyeje?

Jibu: Aandike kibaoni na akionyeshe kwa wenzake, nawe ukisome kwa sauti. Siku akitaka kusema mwenyewe, msubiri hadi amalize, usimmalizie neno, na usiruhusu mtu amcheke.

Mwalimu wa Kahama tena: Rangi ikibanduka?

Jibu: Itabanduka kwenye pembe baada ya miezi kadhaa. Vikusanye siku ya kufunga shule, piga msasa mwepesi, paka mkono mmoja, vikauke kivulini. Ukishapaka usisahau kusugua chaki upya kabla ya kuvigawa.